Tulivyovisha Fimbo za Gofu Majengo

Siku ya kwanza baba mkwe kunisemesha mwenyewe, bila maneno yake kupitia kwa mama mkwe, alinipigia kelele.

"Shika hapo! Sukuma! Usiache, binti, sukuma!"

Nilikuwa na miezi minane katika nyumba hiyo ya Majengo, Nyeri. Miezi yote hiyo mzee alikuwa ameniheshimu kwa mbali. Akitaka chai alimwambia mkewe, "Mwambie mtoto chai imeisha," hata kama nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake na birika mkononi. Hakuwa mkali. Ndivyo alivyolelewa: mke wa mwanao humkodolei macho wala humsemeshi ovyo. Mimi nilitoka Mwea, kwa wakulima wa mpunga, watu wa kanisa. Nilikuwa nimebadili dini juzi tu na bado najifunza nani nimpe mkono na nani nisimpe. Kimya chake kilinifaa. Sikujua ningemwambia nini.

Asubuhi hiyo nilikuwa barazani nachambua mchele kwenye ungo, naye alikuwa kwenye meza yake ya kazi upande wa pili. Alikuwa fundi wa fimbo za gofu. Ujanani aliwabebea wachezaji mifuko, baadaye akawekwa kwenye karakana ya uwanja mmoja wa gofu, na alipostaafu akarudi nyumbani na vaisi yake ya kubania fimbo, kisu chenye ncha iliyopinda, na wateja waliokataa kumpelekea fimbo mtu mwingine. Walitoka mjini, walitoka Karatina, walitoka hadi Nanyuki. Kazi yao karibu yote ilikuwa moja. Ile sehemu ya mpira ambayo mchezaji anashika, wanayoiita gripi, huisha. Inakauka, inapasuka, inateleza jasho likitoka. Ya zamani inavuliwa, mpya inavishwa. Yeye aliiita hivyo, kuvisha, na mimi sikuwahi kupata neno bora.

Nilikuwa nimemwona akivisha mara mia bila kutazama. Fimbo inabanwa kwenye vaisi, kisu kinachana gripi kuukuu kutoka chini hadi juu, inabanduliwa kama ganda la ndizi. Gundi ya zamani inakwanguliwa mpaka chuma king'ae. Halafu anazungushia tepu yenye gundi pande mbili. Tepu kavu inanata, gripi haiwezi kupita juu yake. Kwa hiyo anaziba kwa kidole kile kitundu kilicho kwenye kitako cha gripi, anamimina petroli ndani, anatikisa, anaimwaga petroli hiyo hiyo juu ya tepu. Gundi inageuka utelezi. Hapo ana muda mfupi sana. Lazima mdomo wa gripi uingie kwenye fimbo na isukumwe mpaka mwisho kwa mkono mmoja, bila kusita. Ukisita, petroli inakauka, gundi inashika, na gripi inakwama nusu njia. Haipandi, haishuki. Unaikata na kuitupa.

Alikuwa ameifikisha nusu kikohozi kilipomshika. Hakikuwa kikohozi cha kawaida. Alijikunja, akashika ukingo wa meza, uso ukabadilika rangi, na mkono wake mmoja bado umeng'ang'ania gripi. Ndipo aliponipigia kelele zile. Nilirusha ungo, mchele ukamwagika, nikashika pale alipokuwa ameshika na nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Gripi iliteleza, ikagonga mwisho, tok.

"Zungusha kidogo kulia," alisema kati ya kikohozi. "Kidogo! Basi. Acha."

Akaketi chini kwenye kizingiti, anahema. Mama mkwe alikuja mbio kutoka uani na kikombe cha maji. Nilibaki nimesimama na petroli ikinidondoka mikononi, nikinuka kama kituo cha mafuta. Mzee alipopata pumzi alitazama fimbo ile kwa muda, jicho moja amelifumba. Kisha akamwambia mkewe, "Mwambie mtoto ameivisha vizuri."

Mama mkwe aligeuka kunitazama, akamgeukia tena yeye. "Si umemwambia mwenyewe sasa hivi azungushe kulia? Mdomo umeshafunguka, mzee. Mwambie."

Aliona haya kama kijana. Akasema, "Umeivisha vizuri, mwanangu."

*

Daktari alimwambia mapafu yamechoka, na kwamba mvuke wa petroli ndio unaoyamaliza. Hakuna petroli tena, hakuna moshi, na miezi ya baridi ajifunike kifua. Kesho yake alikuja barazani, akazipanga fimbo za wateja zilizokuwa zikisubiri, akazitazama, akaanza kuzirudisha kwenye mifuko yao.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, Nanyuki siku nyingi, nyumbani mwisho wa juma. Nilipomweleza kwa simu, alisema, "Wacha apumzike. Amefanya kazi ya kutosha." Lakini mimi ndiye niliyekuwa nyumbani mchana kutwa, na nilimwona mzee akiketi kwenye kiti chake mikono mapajani, vidole gumba vikisogea vyenyewe, kama vinasukuma kitu.

Siku ya tatu nilienda mbele yake. Sikumpitia mama mkwe.

"Baba," nilisema, "mimi nishike petroli. Wewe kaa mbali uniambie."

Alitazama mikono yangu, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuitazama. "Kwenu mnapanda mpunga?"

"Tangu niko mdogo."

"Nionyeshe mnavyopanda."

Nilichuchumaa pale barazani, nikamwonyesha kwenye hewa: miche kwenye mkono wa kushoto, kulia unachomoa mitatu minne, kidole gumba kinaisukuma ndani ya tope, unarudi nyuma hatua, tena, tena. Alicheka kidogo. "Hicho kidole gumba," alisema, "wengine hukitafuta miaka miwili."

Tukaanza. Aliweka kiti chake kule mwisho wa ua karibu na tangi la maji, mahali ambapo upepo ulitoka kwake kuja kwangu, na mimi nikawa kwenye meza. Majirani walikuwa wanasikia masomo yangu yote, kwa sababu ilibidi apaze sauti na kifua hakikumruhusu kurudia.

"Tepu ipite mdomo wa fimbo! Kiasi cha ncha ya kidole! Izungushe, isukumie ndani ya bomba la fimbo!"

"Kwa nini, baba?"

"Ili petroli isiingie ndani ya fimbo, ikaiharibu. Usiulize sana, zamani mimi niliuliza nikapigwa kofi."

Baada ya muda mfupi akaongeza, "Lakini wewe uliza."

Kitu kigumu hakikuwa kusukuma. Kilikuwa kushika. Nilikaba gripi kwa nguvu kiasi cha kuipinda, nayo ilijikunja na kukwama. Niliharibu mbili za kwanza hivyo. Alinifundisha kwa maneno, maana hangeweza kunishika mikono. "Ukivuka barabara na mtoto," alisema, "unamshikaje? Asiponyoke, na asilie. Shika hivyo." Sikuwa na mtoto bado, lakini nilikuwa nimevusha wadogo zangu mifereji ya Mwea miaka mingi. Ya tatu ilipita.

Kufikia mvua za vuli nilikuwa navisha fimbo zote mwenyewe, na wateja walikuwa hawajui. Wao walimwona mzee kwenye kiti, wakampa mifuko yao, wakarudi kuichukua kwake. Hakuna aliyeuliza petroli ilikuwa mikononi mwa nani.

*

Miongoni mwao alikuwa mwalimu mmoja mstaafu, mama wa miaka sabini na kitu, mrefu, mwenye kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe. Alikuwa ameanza gofu baada ya kustaafu na aliipenda kama mtu anavyopenda kitu alichonyimwa zamani. Mwaka uliofuata, baada ya kuleta mbili tatu za kujaribu mwezi wa nne, alileta fimbo zake kumi na tatu, zote ila ile ndogo ya kusukumia mpira shimoni. Alitaka gripi zenye uti, ule mstari ulioinuka kwa ndani ambao vidole vinausikia, ili mikono ikae mahali pamoja kila mara. Kulikuwa na mashindano ya akina mama Jumamosi na alizitaka kabla.

Nilizivisha kwa siku mbili. Nilijivunia. Zilipangwa ukutani kumi na tatu, nyeusi, zinang'aa. Mzee alizikagua kwa mbali, akaridhika. Alikuwa na homa wiki hiyo na hakuja karibu.

Jumatatu, hodi. Mwalimu aliingia na mfuko mzima begani.

"Mzee, fimbo zangu zimefanywa nini? Mipira yote imeenda kushoto. Yote! Nimecheza ndani ya kahawa ya watu Jumamosi nzima. Kuna mama ameniuliza kama niko na kibarua cha kuchuma."

Mzee aliinuka, akachukua fimbo moja, akaisimamisha mbele yake, akafumba jicho. Nilimwona akielewa. Kisha nami nikaelewa. Nilikuwa nimebana fimbo kwenye vaisi huku nimesimama upande, kwa sababu jua lilikuwa linaniumiza macho. Nilikuwa nimepima uti wa gripi kutoka pale niliposimama mimi, badala ya kuupima kutoka kwenye uso wa fimbo. Zote kumi na tatu zilikuwa zimegeuka, kwa kiasi kile kile. Kila aliposhika alivyofundishwa na vidole vyake, uso wa fimbo ulitazama kushoto.

"Ni mimi, mwalimu," alisema mzee. "Macho. Uzee. Nisamehe."

Alisema hivyo bila kunitazama. Mtu aliyekuwa na jina la kutokosea miaka yote hiyo, kutoka Karatina hadi Nanyuki, alilitoa pale kwenye ua mbele yangu kama mtu anayempa mgeni kiti. Ningeweza kunyamaza. Nilitaka kunyamaza.

"Hapana," nilisema. "Si yeye. Ni mimi nilizivisha. Hata zile za mwaka huu zote ni mimi. Kifua chake hakiwezi petroli."

Mama mkwe alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mwalimu alinitazama kutoka kwenye kitambaa cha kichwa hadi kwenye malapa, na nilijua mtazamo huo, nimetazamwa hivyo darasani.

"Zile zingine za mwezi wa nne, zile za kwanza nilileta, ni wewe pia?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Hizo zilikuwa sawa kabisa." Aliuteremsha mfuko begani, akauegemeza ukutani. "Basi unajua kufanya. Hapa ulikosa tu kuangalia kazi yako mara ya pili. Nimesahihisha hiyo makosa kwa watoto maisha yangu yote. Rudia."

Akaketi, akaomba chai. Hakuondoka.

Kurudia kulikuwa na tatizo. Zilikuwa gripi mpya kabisa, na njia niliyoijua ya kuvua ilikuwa kisu. Mzee akatuma mama mkwe duka la dawa kununua bomba la sindano. Kisha akavuta kiti chake kuja karibu, karibu kuliko daktari alivyotaka, akafunika pua na mdomo kwa kilemba chake.

"Choma sindano chini ya mdomo wa gripi," alisema. "Polepole. Ukisikia imegusa chuma, sukuma petroli kidogo. Iache itembee. Choma tena juu yake. Usiwe na haraka, gundi ilale yenyewe."

Petroli ilitambaa kati ya mpira na tepu, mpira ukavimba kidogo kama shavu la mtu mwenye jino bovu, na nilipoushika na kuuzungusha ukateleza ukatoka mzima. Sikuwa nimewahi kuona kitu kizuri hivyo. Mwalimu mwenyewe alipiga makofi. Kumi na moja zilitoka nzima. Mbili zilichanika mikononi mwangu, tukatoa mpya, na hakuna aliyenilaumu. Tulizirudisha zote kabla ya alasiri, na kila moja mzee aliniambia nizunguke nisimame nyuma ya uso wa fimbo, nitazame, nifumbe jicho, niseme kwa sauti ninachoona, kabla hajaniruhusu kufungua vaisi.

Mwalimu alipoondoka nilimwuliza. "Kwa nini ulijitia wewe, baba?"

"Kwa sababu wewe una miaka mingi ya kuitwa fundi," alisema. "Mimi nimeshaitwa."

Usiku ule, hapana, hata haukuwa umefika usiku, magharibi tu, kikohozi kilimrudia. Zile saa za kukaa karibu zilimgharimu siku nne kitandani. Nilimpelekea uji, na kila nilipoingia chumbani nilijiapiza kwamba hatakaribia petroli tena. Na kila nilipotoka niliwaza kwamba bila petroli hatagusa fimbo tena, na hilo pia lilikuwa linamuua.

*

Jibu nililipata Kagio, karibu na kwetu Mwea, nikiwa sijalitafuta.

Nilikuwa nimeenda kwa mama yangu wakati wa mavuno. Kaka yangu ni mwendesha bodaboda, na siku ya kurudi alinipeleka Kagio nipate gari. Njiani alilalamika kwamba raba ya usukani inazunguka mkononi, mpaka siku moja itampeleka mtaroni. Tukasimama kwa fundi wa pikipiki karibu na soko, kati ya nyanya na maembe. Fundi alivuta ile raba ya zamani, akachukua mpya, akaiingiza ncha tu. Nilisubiri atoe petroli, au sabuni. Hakutoa. Alichukua bomba la upepo la mashine ya kujazia magurudumu, akaliweka kwenye kitundu cha mwisho wa raba, akabonyeza. Fuuuu. Raba ikajaa, ikawa nene, ikapanda juu ya chuma yenyewe kama soksi. Akaachia upepo. Raba ikashika.

"Hebu rudia," nilimwambia.

"Nirudie nini, mama? Imeingia."

"Itoe, urudie. Tafadhali."

Kaka yangu alidhani nimeshikwa na jua. Fundi aliitoa kwa upepo huo huo, akairudisha, mara mbili, huku akinieleza: chuma kiwe safi na kikavu, upepo usizidi, na mkono ufunike raba isipasuke. Nilirudi Nyeri na kilo ishirini za mchele na hilo kichwani.

Mzee hakuamini. "Upepo unashika kitu gani? Gripi itazunguka mpira wa kwanza."

"Ya kaka yangu haizunguki."

"Kaka yako anapiga mpira na pikipiki?"

Lakini alivaa koti lake na kofia yake, na tukaenda pamoja kwa jamaa wa pancha aliye nyuma ya msikiti, mimi nimebeba fimbo yake kuukuu ya chuma na gripi mpya. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza watu wa Majengo kutuona tukitembea sambamba. Jamaa wa pancha alitupa bomba la upepo akasimama kando, mikono kiunoni.

Nilizungushia fimbo tepu ya karatasi safu moja, nikaingiza mdomo wa gripi, nikaweka bomba kwenye kitako, nikabonyeza. Nilibonyeza sana. Gripi ilipiga mlio kama chupa ya soda, ikaruka kutoka kwenye fimbo, ikavuka barabara, na ikatua ndani ya beseni la mama auzaye githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja.

Yule mama aliinua gripi kwa vidole viwili, mchuzi unatiririka. "Hii ni ya nani? Ati sasa mnaniwekea nyama gani hapa?"

Mzee alicheka. Alicheka mpaka nikaogopa kifua chake, alishika ukuta, machozi yakamtoka, na kikohozi hakikuja. Hewa ile ilikuwa hewa tu. Hapakuwa na kitu ndani yake cha kumdhuru. Nadhani alilitambua hilo wakati ule ule nilipolitambua mimi, kwa sababu alinyamaza, akafuta macho, akanyoosha mkono.

"Lete."

Niliisafisha gripi nikampa. Aliibana fimbo kati ya magoti, akaingiza mdomo wa gripi kwa kidole gumba, akafunika mpira kwa kiganja chote kama mtu anayempasha mtoto joto, akaniambia, "Bonyeza. Kidogo. Kidogo hivyo hivyo." Nilibonyeza, nikamwona mpira ukijaa ndani ya mkono wake, ukapanda taratibu, naye akiongoza. Ulipogonga mwisho akasema, "Zungusha, ngoja... bado... achia." Nikaachia. Akafumba jicho. Uti ulikuwa umelala sawasawa na uso wa fimbo.

Alijaribu kuizungusha kwa mikono miwili. Haikusogea. Akajaribu tena, akiuma meno.

"Mhm," alisema.

Tulirudi nyumbani kupitia uwanja mtupu ulio chini ya barabara, na pale akanipa fimbo.

"Piga."

"Baba, sijawahi."

"Ndiyo sababu. Mtu asiyejua anapinda mkono kwa nguvu kuliko anayejua. Kama itazunguka, itazunguka kwako."

Alisimama kando yangu akanionyesha kwa mikono mitupu jinsi ya kukaa, magoti, mabega, nami nikamwiga nikiwa na buibui langu na mkoba wangu chini. Nilipiga udongo. Nilipiga nyasi. Mara ya tano niligonga kifuniko cha chupa alichokiweka badala ya mpira, kikaruka hatua ishirini, na wanaume waliokuwa wanaosha pikipiki kule chini wakashangilia. Gripi haikuzunguka.

*

Mume wangu alinunua kompresa ndogo iliyotumika, akaileta kwenye lori lake kutoka Nanyuki imefungwa kwa blanketi. Mama mkwe aliichukia kwa sababu ya kelele, na mpaka leo akiwa anasikiliza redio hatuiwashi. Mzee alirudi kwenye meza yake. Wiki ya kwanza alivisha fimbo moja kwa siku, halafu tatu, halafu akawa ananinyima kazi.

Hatujakubaliana kuhusu njia hizo mbili na sidhani tutakubaliana. Mimi naona upepo ni bora: hakuna kusubiri ikauke, na ukikosea unapuliza tu unanyoosha, hakuna sindano, hakuna machozi. Yeye, ambaye upepo ndio uliomrudishia mikono, anaudharau waziwazi. Anasema gripi ya upepo inalala kama mgeni na ya gundi inalala kama mwenye nyumba. Anasema Julai, ukungu ukishuka na mikono ya wachezaji ikilowa, tutaona. Julai zimepita mbili na ni gripi moja tu imerudi, na ilikuwa ya gundi. Nilimwonyesha. Akasema aliyeivisha hiyo alikuwa na haraka. Nilikuwa mimi.

Mwezi uliopita mwalimu alikuja tena. Vidole vyake vimeanza kuvimba kwenye viungo na hawezi tena kukunja mkono vizuri. Tuliketi sote watatu barazani tukazungumza jinsi ya kuzinenepesha gripi zake ili asilazimike kukaza mkono. Nikasema safu tatu za tepu ya karatasi, halafu upepo. Mzee akasema safu tatu ni laini mno kwa upepo, zitasogea ndani, hiyo ni kazi ya gundi na petroli. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwalimu alituacha tubishane huku akifungua na kufunga mikono yake kwenye jua.

"Fanyeni moja hivi na moja hivi," alisema mwishowe. "Nitacheza na zote mbili niwaambie."

Mzee alinitazama. Nilijua anachotaka kusema, kwamba ya petroli ni lazima niivishe mimi, na yeye akae kule kwenye tangi.

"Mimi nitavisha ya upepo," alisema. "Nawe vaa kitambaa puani. Hicho kifua chako nacho tunakihitaji."

Akainuka, akabeba kiti chake mwenyewe, akaenda nacho mwisho wa ua, upande ambao mvuke hautamfikia. Akakigeuza anitazame, akaketi.

"Haya," alipaza sauti. "Tepu ipite mdomo wa fimbo!"

"Najua, baba."

"Najua unajua. Ipite!"